Wajibu Usio na Fimbo

Toledo, Ohio
12 Septemba 1937

Kwa dada yangu mpendwa Ozella,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji Purvis, na kwamba Mama mguu wake umempa nafuu. Mimi sijambo. Kabla hujaendelea, funga mlango, kaa kitako, na tafadhali usipige yowe.

Ni Theotis. Sikufa mtoni. Najua walikuja kuwaambia maji yamenichukua, na labda mlishanifanyia ibada ya mazishi bila maiti. Mbwa walipoteza harufu yangu pale kinamasini. Nilikaa majini hadi shingoni mchana kutwa, nikiwasikia walinzi wa kambi ya wafungwa wakiitana na kucheka. Ni miaka minne sasa, na tangu siku hiyo sijakaa kwenye kiti nikaupa mlango mgongo.

Huku naitwa Wendell Moss. Nafanya kazi kiwanda cha vioo, mbele ya tanuri. Nimeoa. Wifi yako anaitwa Lurlene, kwao Detroit, ana mdomo kama wako, mtapatana. Tuna mtoto wa kike, Verdie, ana jino moja na kazi ya jino hilo ni kuniuma. Lurlene anajua yote. Niliona afadhali ajue, maana kovu la pingu huwezi kumdanganya mke kwamba ni la miiba.

Nilinyamaza kwa sababu ya woga, sina neno zuri zaidi ya hilo. Lakini mtoto alipozaliwa na paji la uso la Mama, nikashindwa.

Anayekuletea ni Bw. Tibbs, mtumishi wa behewa la kulala katika treni ya kusini. Hupita kituoni kwenu Jumamosi. Jibu mpe yeye, mkononi. Nakusihi, Dada, usipeleke posta. Ukimaliza kusoma, choma.

Mdogo wako, unayemjua.


Wilaya ya Tolver, Georgia
6 Novemba 1937

Mdogo wangu wa pekee,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi mzima, na shemeji yako mzima ila kifua. Wewe je? Unakula? Huko baridi imeanza? Mtoto mvalishe sufu kifuani, msingoje akohoe.

Barua yako niliisomea juu ya pipa la unga, nimejiziba mdomo kwa aproni. Purvis akaingia akadhani nimeungua. Nikamwambia, "Theotis yu hai." Akasema, "Nyamaza, mwanamke," akaenda kufunga madirisha, na jua lote lile.

Sasa la uchungu. Mama hatunaye. Alifariki Aprili, mguu ulikuwa umeoza hadi gotini. Watu walimwambia uko mbinguni unamngoja. Akawajibu, "Theotis hajawahi kutangulia mahali popote." Mpaka pumzi ya mwisho hakukubali kwamba umekufa. Nilimwosha mwenyewe, kama ninavyowaosha wote wa kanisa letu.

Bw. Tibbs nimemngoja Jumamosi tatu. Ya tatu mwenzake akaniambia amelazwa, hajulikani atarudi lini. Najua ulivyonikataza. Lakini nimeshindwa kukuacha usubiri huku ukimtumia Mama salamu. Nimenunua stempu. Bw. Haskew, yule karani Mzungu wa posta, akaniuliza kwa jina wanalowaita wanawake wetu wote, "Shangazi, unamwandikia nani?" Nikamwambia binamu. "Binamu gani huyo nisiyemjua?" Nikamchekea kile kicheko cha kijinga tunachowachekea. Kesho nitaitumbukiza sandukuni kituoni, nisionane naye.

Jingine. Agosti nilimwosha Hosea Lyle, mliyefungwa naye mnyororo mmoja. Daktari wa kambi ameandika kwamba kilichomuua ni jua kali. Niliyoyaona mgongoni mwake sijamwambia hata mama yake. Usirudi huku, hata kwa mazishi yangu.

Dada yako,
Ozella


Mahabusu, Toledo
3 Februari 1938

Dada yangu,

Natumaini hujambo, na kifua cha shemeji kimetulia. Mimi mwili hauna neno. Bw. Tibbs amepona na ndiye mchukuzi wa hii.

Wamenikamata. Ilikuwa Januari kumi na saba, niko zamu, kioo cha moto kimening'inia kwenye bomba langu. Msimamizi akaniita, "Moss, hawa mabwana wana neno na wewe." Walikuwa wawili. Mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Pandisha suruali. Mguu wa kushoto." Hata jina hakuniuliza.

Sitakuficha, anwani yangu ilitoka posta ya kwenu. Walinitajia hadi tarehe ya muhuri. Lakini aliyeanza kuandika ni mimi, basi usijilaumu.

Nimepata wakili, mweusi mwenzetu, Bw. Quarles, mwembamba kama ufagio. Alinieleza mambo nikamwomba ayarudie mara tatu. Anasema kila jimbo lina sheria zake na mahakama zake, na haliruhusiwi kuingiza mkono nyumbani kwa jimbo lingine. Lakini Katiba iliyoyaunganisha yote imeyapa pia wajibu. Mmojawapo ni huu: mtu aliyeshtakiwa jimbo moja akikimbilia jingine, gavana wa kule alikotoroka akimdai, atakabidhiwa.

Nikamwuliza, "Imeandikwa anaweza kukabidhiwa?"

"Atakabidhiwa."

"Basi nimekwisha."

"Ngoja kwanza. Wajibu upo. Je, nani wa kumlazimisha gavana autimize?"

"Rais?"

"Hana uwezo huo."

"Mahakama Kuu ya Washington?"

"Ndiyo yenyewe iliyosema haiwezi." Akavua miwani akaifuta. Akaniambia kwamba kabla ya vita vilivyowakomboa babu zetu, Kentucky ilimdai gavana wa Ohio hii hii amtoe mtu mweusi huru aliyemsaidia binti mtumwa kutoroka. Gavana akakataa. Mahakama ikamwambia umekosea, ni wajibu wako. Ila Katiba haikumpa mtu yeyote fimbo ya kukuchapia.

"Kwa hiyo anaweza tu kusema hapana?"

"Anaweza. Lakini magavana hawapendi. Leo akimnyima mwenzake wa Georgia, kesho atamhitaji muuaji wake aliyejificha Atlanta. Lazima tumpe sababu itakayomnyima usingizi."

Dada, sababu yenyewe ni wewe. Maneno yangu ni maneno ya mtoro. Anataka mtu asiye mfungwa, aliyeona kwa macho yake. Nilimtajia Hosea, nikakutaja na wewe uliyemwosha. Anaomba uape, na ikiwezekana uje mwenyewe. Tutasikilizwa mbele ya afisa wa gavana, mjini Columbus, tarehe 22 Machi.

Kwa vitabu vyao nimebakiza miaka minane, kwa magurudumu mawili ya gari la Bw. Tarrant, mwenye shamba lenu, yaliyokutwa shimoni nyuma ya kanisa na ambayo sijayagusa. Lakini mtoro akirudishwa pale hafungwi miaka minane. Unajua. Nitaishi kama wiki moja tu.

Mdogo wako,
Theotis


Wilaya ya Tolver
13 Februari 1938

Mdogo wangu,

Natumaini unaendelea vizuri kadiri inavyowezekana mahali kama hapo. Sisi tupo.

Jana alikuja Dell Rusk, naibu wa sherifu. Hakushuka garini. Akasema, "Ozella, nasikia una binamu Ohio." Nikamwambia, ndiyo bwana, tunao wengi huko. Akasema, "Mpe pole." Kisha akakaa tu pale, injini inanguruma, anamtazama Purvis. Purvis alikuwa anapasua kuni. Gogo likaisha, yeye akaendelea, anapiga shoka ardhini, hathubutu kuacha.

Siwezi, Theotis. Nyumba ni ya Tarrant, kisima cha Tarrant, nyumbu wa Tarrant. Purvis hana mapafu ya kukimbia. Nikiapa mbele ya wakili yeyote wa hapa, wino hautakauka kabla Rusk hajarudi, na safari hiyo atashuka garini.

Umewahi kunisikia nikisema siwezi? Leo nasema. Nimelia hadi macho hayafunguki. Usiniandikie tena.

Dada yako


Mahabusu, Toledo
9 Machi 1938

Dada,

Salamu. Ulisema nisikuandikie, nami naandika moja tu, ya kukwambia sina kinyongo. Ningekuwa wewe, ningefanya vivyo hivyo. Nilikimbia, unakumbuka, sikungoja kumtetea mtu.

Rusk amefika huku. Gavana wa Georgia amempa hati ya kuwa mjumbe wake wa kunichukua. Kila asubuhi huja kuketi nje ya chumba changu, anabambua karanga, maganda anayaacha sakafuni. Juzi ameniambia, "We mtoto, huko nyumbani kumechanua. Michungwa pori inanukia hadi kambini." Nina miaka thelathini na mmoja, na kwake bado ni mtoto. Akasema, "Mnyororo wako tumekutunzia. Hatukumpa mwingine." Akaondoka anapiga mluzi.

Lurlene alikuja na Verdie, nikashindwa kumpokea mtoto, niliogopa nitamwangusha. Lurlene akasema, "Basi mtazame tu." Nikamtazama. Anajifunza kusimama. Anashika vyuma vya mlango wangu, anajivuta, anacheka.

Bw. Quarles ameandika kurasa kumi na mbili. Anasema zinatosha. Hajui kudanganya. Akijaribu, hujikuna sikio.

Ukisikia nimerudishwa, usije kambini siku ya kutembelea. Ngoja wanilete kwako. Unioshe wewe, asinioshe mwingine.

Mdogo wako anayekupenda,
Theotis


Columbus, Ohio
23 Machi 1938

Mdogo wangu Theotis,

Nakusalimu. U mzima? Mimi mzima, miguu imevimba tu kwa safari. Ndiyo, umesoma vizuri hapo juu. Niko Columbus, kwa shangazi yake Bw. Quarles, na mkono huu ninaoandikia jana ulikuwa juu ya Biblia.

Barua yako ilifika Jumamosi, nikaificha ndani ya blauzi. Kesho yake kanisani Mama Lyle akaniketia ubavuni. Miezi saba nimekuwa nikimkwepa mama yule. Akaniuliza polepole, watu wanaimba, "Ozella, mwanangu alikuwaje?" Nikamwambia. Yote, hadi kifundo cha mguu kilichoonyesha mfupa. Hakulia. Aliniangalia akasema, "Mbona umeniambia mimi, nisiye na la kufanya?"

Nilirudi nyumbani, nikafukia viazi vitamu kwenye majivu kwa ajili ya Purvis. Sikumuaga. Ningemuaga, angenizuia, nami ningezuilika. Nikaenda kwa miguu hadi kituo cha wilaya ya pili, nikapanda behewa letu sisi weusi, nyuma ya injini, masizi yote puani. Kila treni iliposimama nilijua ni mimi wanayemtafuta. Mpaka Chattanooga sikwenda hata chooni.

Sasa sikiliza, kwa kuwa wewe hawakukuleta. Chumba kilikuwa kidogo, nilitegemea ukumbi. Afisa wa gavana, Bw. Ambler, ana mafua, kila mara leso. Georgia imemleta wakili, Bw. Crandall, mtu wa sauti nzuri kama mhubiri. Rusk alikaa nyuma yake. Aliponiona, karanga ilimkwama.

Bw. Crandall hakubisha sana kuhusu kambi. Alisema hivi: "Hatukuja kuulizwa kama magereza yetu yanampendeza bwana huyu. Georgia ina mahakama, ilimhukumu. Ohio ikianza kuzikagua mahakama za Georgia, na Georgia ikaanza kuzikagua za Ohio, Muungano huu utabaki na nini? Katiba inasema atakabidhiwa. Haikusema akipenda gavana."

Theotis, nilisikia baridi, maana ilikuwa hoja. Hata Bw. Ambler alitikisa kichwa kukubali.

Bw. Quarles akasimama. "Jimbo lina wajibu wa kumrudisha mtu akatumikie kifungo. Hakuna jimbo lenye wajibu wa kumrudisha mtu akauawe bila hukumu ya kifo. Naomba shahidi wangu."

Nikaenda. Bw. Ambler akaniuliza, "Uliona mwenyewe, au uliambiwa?"

"Nilimwosha, bwana. Mtu huwezi kumwosha kwa kuambiwa."

"Eleza."

Nikaeleza kwa mpangilio ninaooshea, kichwa kwanza. Meno yaliyokosekana. Mgongo, jinsi kitambaa kilivyozama. Mbavu, upande wa kushoto nne. Mapaja. Nilipofika miguuni mwandishi wa mashine akaacha kupiga. Bw. Ambler hakumwambia aendelee.

Bw. Crandall akaniuliza, "Shangazi, wewe ni daktari?"

"Hapana, bwana."

"Basi unajuaje si jua kali?"

Nikamwambia, "Nimeosha watu waliokufa kwa jua, bwana, ni wengi kwetu. Jua halifungi mikono ya mtu nyuma."

Sikujua nitalisema. Limetoka tu.

Rusk alinisubiri kwenye ngazi. Akasema karibu na sikio langu, "Purvis anakusalimu." Hayo tu. Tangu jana sijala. Hapa hakuna simu ya kwetu ninayoweza kupiga, hakuna mtu wa kumwandikia barua isipitie kwa Haskew. Sijui kama mume wangu yu hai.

Uamuzi utatoka kwa maandishi, siku yoyote. Kwetu siwezi kurudi tena. Omba, mdogo wangu. Mimi maneno yamekwisha.

Dada yako,
Ozella


Toledo
2 Aprili 1938

Dada, Dada, Dada,

Hujambo? Kaa chini tena.

Gavana amekataa. Karatasi yenyewe ina mistari sita. Inasema anautambua wajibu ambao Katiba imeuweka juu ya jimbo hili, na kwamba katika jambo hili hatautekeleza. Bw. Quarles alinisomea mara mbili kupitia vyuma vya mlango. Waliponifungulia mlango sikutoka. Nilidhani ni hila, Rusk yuko nje ya kona. Askari wa zamu akasema, "Bwana, tunahitaji chumba." Lurlene ndiye aliyeingia kunishika mkono.

Rusk ameondoka kwa treni ya mchana na pingu zake mfukoni.

La pili, na ndilo kubwa kwako. Jana kumebishwa hodi. Nikajificha chini ya kitanda, sioni haya kukwambia. Lurlene akafungua, nikasikia kikohozi ninachokijua. Shemeji Purvis! Amekonda, kiatu kimoja kimefungwa kamba, na mgongoni amebeba kichwa cha cherehani yako ndani ya gunia. Nikamwuliza ameibebaje toka Georgia na kifua kile. Akasema, "Ningeiacha, Ozella ungemkabili wewe?"

Anasema alipoviona viazi majivuni alielewa. Akavila, akavuka kijito akajificha msituni kabla hawajaja. Usiku wa siku uliyotoa ushahidi waliichoma nyumba. Aliuona moshi kwa mbali, hakugeuka.

Sasa hivi amelala na viatu miguuni, hataki avuliwe. Akiamka tunampandisha treni ya Columbus.

Mdogo wako,
Theotis


Toledo
11 Desemba 1938

Kwa Dada Ozella na Shemeji Purvis,

Salamu kutoka kwetu sote. Natumaini baridi haijamuumiza shemeji, na kwamba kazi ya kufua kwa yule bibi imekuwa nyepesi kidogo. Sisi wazima. Verdie anakimbia, anavunja vitu, na neno analolijua vizuri ni "hapana."

Mama yake Lurlene amefariki Detroit, ghafla, alikuwa anasuka nywele za jirani. Tumejaa huzuni, maana mama yule alinipenda tangu siku ya kwanza, alinipikia supu ya mkia wa ng'ombe na hakuniuliza nimetoka wapi.

Sikwenda kumzika. Bw. Quarles alinikalisha akanieleza tena ili nisije nikajisahau: gavana wa Ohio amesema hapana kwa Ohio. Hakusema kwa Michigan, wala Indiana, wala popote. Nikivuka mpaka, Georgia itabisha hodi kwa gavana mwingine, naye ana wajibu ule ule, na huenda hana moyo. Nimekuwa huru ndani ya jimbo moja, kama kuku ndani ya ua.

Nilimsindikiza Lurlene hadi jukwaani. Alivaa nyeusi, alibeba sanduku mwenyewe, hakutaka hata niguse ngazi ya behewa. "Simama hapo," akasema, "usinitie wasiwasi." Treni ile huvuka mpaka kabla kondakta hajamaliza kukata tikiti. Watu wote jukwaani walikwisha kuondoka, mimi na Verdie tukabaki tunatazama reli. Mke wangu amemzika mama yake akiwa peke yake, mwendo wa saa moja na nusu kutoka nilipokuwa nimesimama.

Na kuna hili. Januari anaapishwa gavana mpya. Georgia imeshaandika upya, Bw. Quarles ameiona nakala. Huyu mpya anaweza kukataa kama wa kwanza, anaweza kutia saini. Hakuna anayejua, na huyu anayeondoka hawezi kumfunga mikono anayekuja. Nikisikia gari limepunguza mwendo nje, bado nahesabu milango ikifunguka. Lurlene anasema usingizini nasema "ndiyo, bwana, ndiyo, bwana."

Basi nimeona tusiungoje Januari tukiwa mbalimbali. Njooni Krismasi. Shemeji atapata nyama ya nguruwe, nawe utapata wifi wa kugombana naye, amekukumbuka kuliko anavyokubali. Kaeni mpaka mwaka mpya. Na siku ya kuondoka msinikatalie: kutoka hapa hadi Columbus ni Ohio tupu njia nzima. Nitapanda nanyi behewa moja, na nitawasindikiza mpaka mlangoni kwenu.

Mdogo wenu,
Theotis